Hina ya Mke wa Fundi

Nyumbani kwetu Kasenga, mtaa mmoja wa mji wa Uvira, anayeamka wa kwanza siku zote ni Koko. Akishaswali alfajiri, hutandika mkeka wake barazani, hunyoosha miguu yake iliyovimba ipate jua la asubuhi, kisha huanza kutuita mmoja mmoja kwa majina. Mimi huitwa mara tatu, maana kuamka ni kazi ngumu kwangu. Nikitoka na macho mazito, nafagia ua, nateka maji, nachemsha chai, halafu napeleka birika dukani kwa baba kabla sijavaa sare ya shule.

Baba yangu, Ayoubu, anauza vitenge. Duka lake liko kati ya fundi baiskeli na kanisa dogo ambalo kwaya yake hufanya mazoezi kila Alhamisi, mpaka nasi Waislamu wa mtaa huo tunazijua nyimbo zote. Koko ni mama yake baba. Na mimi naitwa Sharifa, jina la mama yake Koko. Kwa sababu ya jina hilo, Koko hunipenda kupita kiasi na hunituma kupita kiasi pia.

Wiki ninayotaka kuisimulia ilikuwa na mambo mawili makubwa. Siku ya Jumapili, shangazi Sumaya alikuwa anaolewa. Na siku ya Alhamisi, darasa letu la sita lilikuwa linakwenda kutembelea Nyumba ya Pamba, upande wa Lubarika, katika bonde la Ruzizi. Ni nyumba ya zamani ya mzungu aliyekuwa na shamba kubwa la pamba. Mzungu alikwisha kuondoka miaka mingi, shamba liligawanywa, lakini watu wa kijiji waliunda kamati, wakaitunza nyumba pamoja na bustani yake ili watoto waione.

Koko aliposikia habari hiyo, alinikalisha kwenye mkeka wake.

"Minye nilizaliwa pale," alisema. "Baba yangu Alimasi alikuwa fundi cherehani wa ile shamba. Alikuwa anashona magunia ya pamba na nguo za watu wa ile nyumba. Tulitoka pale nikiwa na miaka kumi."

"Unamkumbuka yule mzungu, Koko?"

"Namukumbuka kwa kengele yake. Saa kumi na moja ya asubuhi ilikuwa inalia, na muntu mwenye kuchelewa alikiona cha moto. Yeye simulilii. Minye nalilia mama yangu." Akanisogezea karanga. "Nyuma ya jiko iko muti ya hina. Mama yangu aliupanda kwa mukono wake. Kila binti wa kambi mwenye kuolewa, awe Mwislamu, awe wa misheni, alikuja kuchuma pale. Na rangi yake, mutoto wangu! Ilikuwa nyekundu ya kukolea, karibu nyeusi. Wiki tatu haitoki."

Nyumbani kwetu hakuna picha hata moja ya mama yake Koko. Alifariki kabla baba hajazaliwa, na zamani hizo picha hazikuwa za kila mtu. Nilichojua juu yake ni haya tu: alikuwa mfupi, alipenda kuimba kufuata mlio wa cherehani, na alikuwa na mti wa hina.

"Sumaya ni binti wangu wa mwisho," Koko aliendelea. "Nataka nimupake hina ya mama yangu. Unichumie majani, viganja viwili tu. Lakini mbele ya kuchuma, weye utaje jina yako na jina ya mwenye atapakwa. Mama hakukubali muntu achume kimya kimya. Alisema hina iko inakaa mukononi siku nyingi, lazima ijulikane imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani."

"Nitataja, Koko."

"Miguu yangu haifiki tena kule. Siku hiyo weye utakuwa macho yangu."

Niliahidi bila wasiwasi. Kuahidi kulikuwa rahisi, nimekaa mkekani, nakula karanga zake.

Sasa lazima niseme kosa langu lilivyoanza, maana halikuanza siku ya safari. Shuleni nilikuwa na maringo. Mwaka uliotangulia, mwalimu alipotuuliza habari za familia zetu, nilisimama nikasema kuwa babu zetu walikuja Uvira kwa mashua, wafanyabiashara wakubwa wa ziwa, na kwamba tangu hapo hakuna mtu wa kwetu aliyemfanyia kazi mtu mwingine. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli. Sehemu ya pili niliiongeza mwenyewe kwa sababu ilisikika vizuri. Fundi Alimasi sikumtaja hata kidogo.

Alhamisi tukapanda basi la kukodi. Mwalimu Antoine alisimama mlangoni na orodha yake, akatuhesabu mara mbili kama kawaida yake. Nilikaa na rafiki yangu Bibiche, ambaye huja kwetu kila jioni na anazijua hadithi za Koko kuliko ninavyozijua mimi. Tuliiacha Uvira na ziwa nyuma yetu. Kushoto ilisimama milima, kulia lilienea bonde mpaka mtoni, na ng'ambo milima ya Burundi. Pale palipokuwa pamba zamani, sasa ni mpunga, mahindi na mihogo.

Nyumba ya Pamba imejengwa kwa matofali mekundu, ina baraza pana na sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa utafikiri imepakwa mafuta. Aliyetupokea ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aitwaye Mama Mukarusanga. Yeye na mumewe Ngoga, mfugaji, waliteremka kutoka milima ya juu miaka mingi iliyopita, na kamati ikamkabidhi funguo za nyumba.

"Karibuni, watoto," alisema. "Hapa mutatazama kwa macho, mutauliza kwa midomo, na mikono mutaiweka nyuma."

Alituonyesha kengele. Alituonyesha meza ya chakula ya watu kumi na wawili, ambapo mzungu alikuwa anakula peke yake. Alituonyesha mizani ya pamba, akacheka kidogo.

"Hii mizani wazee walikuwa wanaisemea kwamba inamujua bwana wake. Pamba ya mulimaji ikipanda pale juu, inakuwa nyepesi ghafla."

Sote tulicheka, hata Mwalimu Antoine. Kisha tukaingia katika chumba kidogo kando ya ghala. Humo mlikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyagwa kwa miguu, maua yake ya dhahabu yamefutika karibu yote. Niliiona kanyagio yake ya chuma iliyolika upande mmoja, upande wa mguu wa kulia. Mguu ule ulikuwa wa baba yake Koko. Nilitaka kuigusa, nikakumbuka mikono nyuma.

Ningesema pale pale, yote yasingetokea. Lakini tulitoka tukaenda kambini. Vimebaki vyumba viwili tu vya wafanyakazi, vidogo kama vibanda vya kuku, na Iddy, mvulana wa darasa letu ambaye pia ni jirani yetu, akachungulia ndani akapiga kelele.

"Kumbe hapa walilala maboyi wa mzungu! Nani hapa ni mjukuu wa boyi? Anyooshe mkono!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Antoine alimkaripia, lakini kicheko kilikwisha kuniingia. Nilitazama viatu vyangu. Bibiche alinitazama mimi.

Tukafika bustanini. Hata leo nikifumba macho naiona: njia ya mawe, mawaridi ya rangi ya chungwa, michungwa mizee, mitende miwili mirefu, na harufu ya maua meupe iliyokuja kabla sijaona inatoka wapi. Nyuma ya jiko, peke yake, ulisimama mti usiozidi urefu wa mtu, wenye majani madogo madogo na miiba kwenye matawi ya zamani. Ulikuwa umechanua. Harufu ilitoka hapo.

"Huu ni muti wa hina," alisema Mama Mukarusanga. "Sisi watu wa milimani hatuna desturi ya hina, siijui. Lakini mutunza bustani wa zamani, Mzee Nduwimana, mbele ya kufa aliniambia: 'Hii ni hina ya Sharifa, muke wa fundi. Usiikate. Siku moja watu wake watakuja, na watataja jina.' Nimengoja miaka kumi na moja." Alishika tawi moja kwa vidole viwili. "Jumamosi hii vijana wa kamati watachimba hapa shimo la tangi la maji ya mvua. Niliwaomba wasogee. Wakasema muti usio na mwenyewe hauwezi kuzuia maji ya watu. Na wako na haki. Kuna mutu kati yenu anayejua watu wa huyo Sharifa?"

Macho yote yalinigeukia.

"Si huyu hapa Sharifa!" alisema Iddy. "Boyi wetu amepatikana!"

Wakacheka tena.

"Uvira kuna akina Sharifa wengi," nilisema kwa sauti ya juu. "Sisi ni watu wa biashara. Huyo simjui."

Mama Mukarusanga alitikisa kichwa polepole, akaliachia lile tawi. Tukaenda kuona michungwa.

Katika basi Bibiche alinigeuzia mgongo. Na mimi nilikaa nikijiambia maneno mengi: kwamba tuliambiwa mikono nyuma, kwamba watu walikuwa wananitazama, kwamba Koko ataelewa. Nilijua hataelewa. Nilimwona akilini akinisubiri barazani na kitambaa chake cheupe cha kufungia majani.

Tuliposhuka Kasenga nilipita njia ya nyuma. Uzio wa nyumba ya kina Iddy una mhina katikati, mama yake anautumia siku za Idi. Nilitazama kushoto na kulia, nikachuma viganja viwili, kimya kimya, bila kutaja jina la mtu. Nikayafunga majani kwa karatasi niliyochana kwenye daftari.

Koko aliyapokea kwa mikono miwili. Aliyasogeza puani, akafumba macho.

"Muti iko mahali pake? Nyuma ya jiko?"

"Ndiyo, Koko."

"Ulitaja jina?"

"Nilitaja."

"Na miiba haikukuchoma?"

"Kidogo tu."

Akashika vidole vyangu, akatafuta alama za miiba, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, akavibusu vyote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya swala ya alasiri alitwanga majani mwenyewe kwenye kinu kidogo, akakamulia ndimu, akapaka duara moja katikati ya kiganja chake cha kushoto. Alitaka kuijaribu kabla ya kumpaka bibi harusi. Alikuwa akiimba chini chini, wimbo usio na maneno, taka-taka-taka, kufuata mlio wa cherehani. Shangazi Sumaya alikaa karibu naye akacheka kwa furaha. Siku nyingi hatukuwa tumemwona Koko hivyo.

Asubuhi ya Ijumaa Koko hakutuita. Nilipotoka, nilimkuta barazani anatazama kiganja chake. Duara lilikuwa la rangi ya chai iliyozidishwa maji.

"Sharifa, unaona rangi gani?"

"Ya chungwa, Koko."

"Hata minye." Alikigeuza kiganja juani, akakigeuza tena. "Basi nilikumbuka vibaya. Miaka yote niliwaambia watu kwamba ilikuwa nyekundu ya kukolea. Kumbe haikuwa."

"Labda ndimu haikutosha."

"Ndimu ilitosha." Aliongea polepole, na kilichoniumiza ni kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. "Kama rangi nimeisahau, ule wimbo je? Na sura yake? Nikifumba macho ninamwona mama yangu. Lakini pengine muntu ninayemwona si yeye. Pengine ni mawazo ya muzee tu."

Shangazi Sumaya alitoka ndani akamwomba awasimulie wageni wa Jumapili habari za hina ile, mbele ya wanawake wote. Koko alikunja kiganja.

"Wacha, binti wangu. Mama yako amechanganya mambo. Tutanunua hina sokoni kama watu wengine."

Nilikwenda shule lakini akili ilibaki barazani. Wakati wa mapumziko Bibiche alikuja akasimama mbele yangu.

"Kesho ni Jumamosi," alisema, akaondoka.

Hakuhitaji kuongeza kitu. Kesho vijana watachimba. Mti utang'olewa, na Koko atabaki akiamini kwamba hakuwahi kumkumbuka mama yake sawasawa. Nilikuwa nimedhani uongo wangu umemnyima majani tu. Sasa niliona umeingia kichwani mwake na kumchukulia mama yake, na yeye ananishukuru.

Kengele ya kutoka ilipolia nilikimbia mpaka nyumbani. Koko alikuwa anachambua maharage. Nilipiga magoti mkekani.

"Koko, weye hukusahau. Minye nilidanganya."

Nilimweleza yote, tangu maringo ya darasani mpaka uzio wa kina Iddy. Nilimweleza cherehani na kanyagio iliyolika. Nilimweleza nilivyosema simjui. Hapo nikalia kwa kwikwi.

Koko hakunigombeza. Aliendelea kuchambua maharage muda mrefu, mpaka nikatamani anipige yaishe.

"Iliyolika upande gani?" aliuliza mwishowe.

"Upande wa kulia."

"Ndiyo," alisema, na machozi yakamtoka. "Upande wa kulia. Alikuwa anakanyaga na mguu moja, huu wa kushoto ulikuwa na maumivu." Kisha akajifuta na ncha ya mtandio. "Muti iko mzima?"

"Mpaka leo iko. Kesho wanaung'oa."

Koko aliinua sauti yake ya alfajiri, ile ya kuamshia watu. "Ayoubu! Kesho duka halifunguliwi!"

Jioni hiyo alinituma peke yangu kwa mama yake Iddy. Nilibisha hodi nikasema nilichuma hina yake bila ruhusa. Mama yule alishika kiuno akanitazama.

"Majani ya hina, Sharifa? Si ungeniita tu, ningekuchumia na kapu lake!"

Iddy alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Jumamosi baba alikodi teksi. Koko alikaa mbele, fimbo kati ya magoti, macho barabarani, mpaka tulipoona paa la Nyumba ya Pamba. Hapo akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini miti ambayo haipo tena. Pale palikuwa na mfenesi. Pale palikuwa na kisima. Pale alianguka akavunja jino.

Tulisikia sauti za mapanga kabla hatujafika bustanini. Nilikimbia mbele. Vijana wanne walikuwa kazini, na nusu ya mti ilikwisha kukatwa. Matawi yalilala chini na maua yake meupe. Kijana mmoja, Amahoro, alikuwa ameshaingiza jembe karibu na shina.

"Ngojeni!" nilipiga kelele.

Mama Mukarusanga aligeuka, akanitambua. "Ni weye yule wa shule?"

Koko alikuwa anakuja nyuma ameshikwa mkono na baba. Hakuna aliyemwonyesha njia. Alipita kando ya ghala, akazunguka jiko, akasimama mbele ya mti uliobaki nusu. Nilidhani atazungumza yeye, lakini alinigusa bega kwa fimbo.

"Weye ulikuwa macho yangu," alisema. "Sasa uwe mudomo wangu."

Vijana waliacha kazi. Wanakijiji kadhaa walikuwa wamesimama pale. 

"Minye naitwa Sharifa," nilisema. "Ni mtoto wa Ayoubu. Huyu ni Koko wangu, alizaliwa hapa kambini. Ni binti wa fundi Alimasi na muke wake Sharifa, mwenye kupanda hii hina. Alhamisi niliulizwa, nikasema simjui. Nilidanganya kwa sababu nilichekwa. Leo nimekuja kuchuma majani kwa ajili ya shangazi yangu Sumaya, anaolewa kesho."

Mama Mukarusanga aliweka mkono kifuani. "Wametaja jina," alisema taratibu, kama anamwambia mtu asiyekuwepo. "Nduwimana, wamekuja, wametaja jina."

Amahoro alichomoa jembe lake. Alitazama shina, akatazama shimo, akajikuna kichwa.

"Kama tungelijua Alhamisi, haya matawi yasingekatwa," alisema. "Basi, tuchimbe kule karibu na ukuta. Maji hayajui tofauti."

Neno hilo hakulisema kwa ubaya, lakini lilinikaa. Nusu ya mti ule ilikatwa kwa sababu ya ulimi wangu, na hakuna machozi yatakayoirudisha.

Koko aliinama kwa shida, akaokota tawi lililokatwa, akaanza kuchuma majani na kuyaweka kwenye kitambaa chake. Miiba ilimchoma, akacheka. Kisha tukampeleka kwenye chumba cha cherehani. Mama Mukarusanga alimwambia kwamba siku ile sheria ya mikono nyuma haimhusu. Koko alikaa kwenye kiti, akavua kiatu, akaweka mguu wake wa kulia kwenye kanyagio. Ulikaa sawasawa pale palipolika. Akakanyaga. Gurudumu lilikataa, likakoroma, kisha likazunguka: taka-taka-taka. Koko akafumba macho akaimba, na safari hii alikumbuka hata maneno. Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia, alitoka nje akasema anakwenda kumtazama dereva.

Tulipokuwa tunafunga vipande vya matawi vya kwenda kupanda Kasenga, Koko aliniita.

"Sharifa, sikiliza vizuri. Kubadilisha majani ni kosa dogo. Weye ulificha watu wako. Baba yangu alishona kwa jasho yake, mama yangu alipamba mabinti wa kambi nzima. Ni nini ya kuonea haya hapo? Mwenye kuona haya awe yule wa mizani." Alinishika kidevu. "Na ukishamwambia muntu uongo, unamubadilishia dunia. Minye siku moja nzima niliishi kwenye dunia ambayo mama yangu hakuwemo. Usimufanyie muntu mwingine hivyo. Sasa ulisema kweli mbele ya watu wote na sauti haikutetemeka. Hiyo ni ya kwako, nayo haitoki."

Usiku ule ule Koko alimpaka shangazi Sumaya, na Jumapili akawasimulia wanawake habari yote, pamoja na sehemu yangu, bila kunipunguzia hata kidogo. Nilibaki nimeinamisha uso mpaka akanivuta karibu, akanichorea duara moja katikati ya kiganja cha kulia. Asubuhi ya Jumatatu lilikuwa jekundu la kukolea, karibu jeusi. Koko alinitazama kiganja, akatazama chake chenye duara la chungwa, akatikisa kichwa kwa ridhaa. Kisha akaniambia chai ya baba inapoa.

Shuleni Mwalimu Antoine alitugawia madaftari tuandike habari za Nyumba ya Pamba.

"Kabla hatujaanza," alisema, "kuna mtu yeyote humu ambaye mzee wake aliishi au alifanya kazi pale?"

Iddy alinitazama, akatazama chini. Bibiche alinisukuma kwa kiwiko, ingawa hakukuwa na haja.

Nilinyoosha mkono juu kabisa, kiganja kikiwa wazi, wote wakione.